Ndala Iliyobaki Kwenye Picha

Somanda, Bariadi
Ijumaa, alasiri

Mwanangu Kija,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekunywa uji meza moja na nimekuona ukimaliza kikombe. Naandika kwa sababu kuna maneno ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo nitayakatiza katikati nikuulize kama umepiga pasi sketi. Umekwenda Zagayu kumuaga bibi yako. Studio nimeifunga mapema, nimekaa kwenye kiti chako mbele ya kompyuta iliyozimwa. Kesho asubuhi basi linakuchukua kwenda Dar es Salaam kwenye kazi yako ya picha za matangazo. Habari za dawa ya malaria, za kukumbatia mkoba safarini na za kupiga simu ukifika tumezisema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hapa hazimo.

Nataka kukuandikia juu ya picha ya mlango wa bibi yako, na zile programu tatu tulizozozana juu yake. Utasema mama amepata wapi muda wa kuandika habari za programu siku kama ya leo. Soma tu, utaona.

Wewe hukunijua nikiwa karani. Ulikuwa unatambaa wakati nilipokuwa naandika uzito wa pamba kwenye chama cha ushirika. Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi, wakaja na mizani yao na malori yao, na chama kikapungua pole pole kama ndoo yenye tundu, mpaka na sisi makarani tukaambiwa turudi nyumbani. Kwa kiinua mgongo changu nilinunua kamera. Marehemu baba yako alicheka sana. "Karani wa pamba! Sasa utaanza kupima sura za watu?" Lakini ndiye aliyenipigilia lile turubai la buluu ukutani, na ndilo lililotulisha.

Kazi niliijifunza kwa kuharibu. Filamu nilikuwa naituma Mwanza kwa basi na kuzisubiri picha kwa siku kadhaa, kwa hiyo kosa la Jumatatu nililiona Ijumaa, wakati mteja mwenyewe amesimama mlangoni. Unalijua neno letu la kazi, kusafisha picha. Filamu inakwenda kusafishwa, picha zimerudi zimesafishwa. Kwangu lilikuwa neno la dawa na karatasi tu. Kwa wateja lilikuwa na maana yake nyingine, nami nilichelewa kulielewa.

Alikuja mkulima mmoja kutoka Mwandoya, msimu wa pamba ulipokuwa mzuri, na mke wake na watoto. Niliwapiga nje, mbele ya duka, yeye juani na mke wake chini ya upenu. Picha iliporudi, yeye alionekana mpaka vifungo vya shati. Mke wake alikuwa giza lenye meno. Yule bwana akaitazama, akanitazama.

"Mama Picha, mimi umenisafisha vizuri. Mke wangu mbona hukumsafisha?"

"Alikuwa kivulini, baba."

"Nimekulipa utusafishe wote. Kwani yeye alikuja mchafu?"

Mke wake akamvuta shati. "Twende, mwanaume wewe. Sura ni yangu, hata mimi siijui vizuri."

Walicheka wakaenda zao, lakini mimi usiku ule niliandika kwenye shajara yangu: kamera haiwezi kuangalia juani na kivulini kwa pamoja, jicho linaweza. Toka siku hiyo nilijua kasoro ya kazi yangu ilipo. Nilichokosa kujua ni namna ya kuiondoa. Niliwapanga watu wote juani au wote kivulini, na biashara ikaenda.

Mtu mmoja tu sikuweza kumpanga, mama yangu. Unajua bibi yako haketi nje. Macho yake yanatoa machozi kwenye jua tangu wewe hujazaliwa, kwa hiyo kiti chake kiko ndani, hatua moja kutoka kizingiti, na watu wote wanaompenda husimama uani wakaongea naye kupitia mlango. Nyumba ina dirisha dogo. Uani ni udongo mweupe uliofagiliwa. Nikipima mwanga wa ndani, uani kunaungua mpaka kunakuwa kama unga wa muhogo. Nikipima wa nje, mlango unakuwa shimo na bibi yako hayumo. Nilijaribu flashi mara moja. Akajifunika kitenge uso mzima. "Mayo! Mama yangu! Unanipiga radi nyumbani kwangu?" Sikurudia. Miaka yote hiyo nimepiga picha watu wa wilaya nzima, na mama yangu mzazi sina picha yake ya maana.

Ndiyo sababu ulipopata barua ya kazi na bibi akatuita, niliingiwa na wasiwasi. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Alisema hivi, nakumbuka alivyokuwa akitafuta mkono wako:

"Nataka picha, mimi na mke mwenzangu huyu. Nimwone yeye na yeye anione mimi. Msinicheleweshe, macho yanafunga duka."

Wewe ukasema, "Tutapiga, bibi." Mimi niliutazama mlango ule, kwa kuwa niliujua.

Njiani kurudi ndipo uliponieleza ulichojifunza chuoni Mwanza. Kamera mpya inaweza kupiga picha tatu mfululizo za kitu kimoja: moja ya giza, moja ya wastani, moja ya mwanga mwingi. Halafu kuna programu za kompyuta zinazozichanganya ziwe moja, na kila sehemu ikaonekana. Nilikuuliza mara tatu kama unasema kweli. Sharti ni moja tu, ulisema, asitikisike mtu mpaka kamera ilie mara ya tatu, maana inapumzika kidogo kati ya mlio na mlio.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Pamba ilikuwa imeshavunwa, lundo lake liko ndani nyuma ya kiti cha bibi likisubiri gulio. Uliweka kamera kwenye stendi, ukanionyesha kitufe, ukaenda kusimama uani pembeni ya mlango na gauni lako la maua. Nikabonyeza. Ikalia mara ya kwanza. Na wakati huohuo, kutoka upande wa zizi:

"Mwadila!"

Ilikuwa salamu ya babu yako Sayi, shemeji yake bibi, anasukuma baiskeli yake yenye mzigo.

"Tulia, Kija!" nikasema.

"Mke wangu," akasema yeye, "leo huniamkii? Umeshaposwa na hiyo mashine?"

"Kija, usitikisike, bado mbili!"

Ukanitazama. Halafu ukamtazama yeye. Ukatoka mahali pako haraka mpaka ndala moja ikabaki nyuma, ukaenda hatua mbili tatu, ukapiga goti kumwamkia babu. "Mwadila, guku." Kamera ikalia ya pili wewe uko chini. Ya tatu, ambayo ni ndefu, ikakukuta unanyanyuka. Ndani bibi yako alikuwa hajasogeza hata kidole. Akapiga kelele, "Mimi ndiye nimetulia! Leo mtoto mwenye adabu ni mimi peke yangu!"

Tulitaka kurudia, betri ikaisha, na Zagayu hakuna mahali pa kuichaji. Tuliporudi kesho yake macho yalikuwa yanamuuma, amelala chumbani na hataki hata mlango ufunguliwe. Kwa hiyo tulikuwa na picha hizo tatu tu. Sikukusema kwa maneno, lakini ulijua nimekasirika. Niliosha vyombo vya jioni ile kwa kishindo.

Sasa nije kwenye programu. Ulikuwa nazo tatu, zote za majaribio, na majaribio yalikuwa yanaisha. Ilibidi tuchague moja ya kununua. Majina yake ya kigeni yalinishinda, ukazipa majina yetu ukayaandika kwa kalamu ya wino juu ya diski: Harusi, Fagio na Jembe. Nilicheka, lakini baada ya hapo sikuzichanganya tena. Asante kwa hilo. Ulinifundisha kushika mausi ukiwa umeweka mkono wako juu ya mkono wangu, kama nilivyokushika mimi ulipoanza kuandika, na hukunicheka hata nilipoiinua hewani nikidhani inaruka.

Mimi nilisema tuzipime kama tunavyopima mizani: kitu kilekile kwa zote tatu, tuchape ndogo ndogo, tuziweke mezani mchana, tuangalie. Ukakubali.

Harusi ilikuwa ya haraka na rangi zake zilipiga kelele. Udongo ukawa kama embe, mawingu kama moshi wa tanuri. Kichwa cha bibi yako kikazungukwa na mwanga mweupe. Wewe ulikuwamo mara tatu, umefifia kama mvuke. Nilikwambia hii wateja wataipenda, na ni kweli wangeipenda. Tulipomwonyesha bibi baadaye aliisogeza mpaka puani. "Nimeshakufa? Mbona nimewekewa taa ya watakatifu?"

Kisha Fagio. Hiyo, ulinieleza, ina akili ya kutambua kitu kilichosogea kati ya picha na picha, na inakiondoa ili kisilete ukungu. Nami nikasema neno langu la miaka yote: "Basi hiyo ndiyo inayosafisha. Chagua hiyo." Ukabonyeza. Ilichukua muda, feni ya kompyuta ikavuma. Halafu ikatokea.

Kija, nilimwona mama yangu. Yuko ndani ya nyumba yake, chale zake za mashavuni zinaonekana, mikono imelala juu ya kitenge, nyuma yake pamba inang'aa gizani, na mbele yake uani kila jiwe liko mahali pake. Nilisimama. Nilichapa palepale, nikaibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga. Nilisema, "Safi! Hii ni safi!" Nadhani nilikuwa nalia. Ukaja ukasimama nyuma ya bega langu. Uliitazama muda mrefu.

"Mama," ukasema, "mimi niko wapi?"

Hukuwemo. Programu ilikuona hapa, ikakuona pale, ikakuona kwingine, ikaamua wewe ni uchafu, ikakufagia. Uani ulikuwa mtupu kabisa. Kilichobaki ni ndala yako moja pembeni ya mlango, kwa sababu yenyewe haikusogea.

Ukaanza kucheka, nami nikacheka, kisha ukaacha kabla yangu.

Nimelifikiria sana jambo hili, mwanangu, na siliandiki ili nijitese. Nataka tu ujue lilivyokuwa. Miaka mingi nimeutazama mlango ule nikimtafuta mama yangu. Alipotokea, macho yangu yote yalikwenda kwake, nikaishangilia picha uliyoitengeneza kwa mikono yako, na wewe mwenyewe hukuwemo. Bibi yako, ambaye macho yake yanazimika, ulipompa hiyohiyo hakusema lolote juu ya sura yake. Aliigusa kwa kidole, akasema, "Nzuri. Kija kaenda wapi?" Mimi nilimtafuta mama yangu. Yeye alikutafuta wewe.

Ikabaki Jembe. Sikuitaka Jembe, unakumbuka. Ilikuwa haifanyi lolote yenyewe. Inakuwekea picha tatu, halafu wewe unaamua kwa mkono: hapa nachukua mwanga wa hii, pale wa ile. Nilisema, "Programu gani hii ya kulima? Si bora nibaki na filamu yangu." Ukanijibu, "Mama, hii haijui chochote. Ndiyo uzuri wake. Inakuuliza." Siku nne ulikaa kwenye kiti hiki. Umeme ulikatika ukiwa hujahifadhi kazi, ukaanza upya bila kutukana, ingawa nilisikia ulivyovuta pumzi. Mlango ukauchukua kwenye picha ya mwanga mwingi, uani kwenye ile ya giza. Bibi akakaa ndani, jua likakaa nje, na hapakuwa na taa ya watakatifu kichwani kwa mtu.

Tukafika kwako. Ilibidi tuchague Kija mmoja. Mimi nilimtaka wa kwanza, aliyesimama na gauni lake la maua, anatazama mbele, ndala zote mbili miguuni. Wewe hukusema unamtaka yupi. Ukasema wa tatu ana ukungu, tuchape wawili wa kwanza, tumpelekee mwenye picha.

Bibi alikuwa amepata nafuu, amerudi kwenye kiti chake. Akaishika ya kwanza karibu na uso.

"Huyu anamngoja nani?"

"Hamngoji mtu, mayo," nikasema. "Anapigwa picha."

Akashika ya pili. Humo umepiga goti, uso umeugeuza upande, mguu mmoja mtupu, na gurudumu la baiskeli ya babu Sayi linaonekana ukingoni.

"Na huyu?"

"Hapo anamwamkia babu Sayi."

"Basi niwekeni na huyu. Huyu namjua. Yule mwingine anasubiri basi."

Ulimwambia kwamba macho yamepungua kuuma, tunaweza kupiga nyingine, safari hii kila mtu atulie. Akasema hapana, hii inatosha, yeye mwenyewe alikuwepo akamsikia Sayi akisema upuuzi wake, na kila akiitazama atamsikia. Wewe ulitoka ukaenda kusimama zizini. Nilikuacha.

Hivyo ndivyo tulivyoinunua Jembe, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba unakwenda kuiweza kazi yako.

Nina neno moja juu ya kazi hiyo, halafu nitakuacha. Huko kwenye matangazo watakupa mafagio mengi, na mengi yatakuwa mazuri. Sina ugomvi na fagio. Tumefagia nyaya za umeme na mifuko ya plastiki kwenye picha za watu na wakatushukuru. Ila mimi nilitumia neno "safi" kama mtu anayejua maana yake, na lilikula picha yako mbele yangu nikipiga makofi. Kwa hiyo siku hizi mteja akiniambia nimsafishe, namuuliza kwanza anataka niondoe nini. Wengi wanaishia kusema, basi, acha tu. Sijui kama utapata nafasi ya kuwauliza watu wa huko. Ukiipata, uliza.

Na nakushukuru. Nakushukuru kwa kurudi kutoka Mwanza na mashine kichwani mwako na kukubali kukaa nami hapa mwaka mzima na zaidi, ukijua kwamba Bariadi ni ndogo kwa hayo unayoyajua. Nakushukuru kwa kunipa mama yangu kwenye karatasi, nilipokuwa nimeshakata tamaa. Zaidi ya yote nakushukuru kwa kupiga goti. Nilikuwa nakupigia kelele utulie, mimi mama yako, mwenye kamera, na ulinisikia. Ukaona mzee amesimama na salamu yake mkononi, ukaenda. Nilikasirika siku nzima. Leo, kama ningeweza kukuchagua tena kati ya wale watatu, nisingemuuliza hata bibi yako.

Picha kubwa zimerudi jana kutoka Mwanza. Moja niliituma Zagayu jana hiyohiyo, na nasikia bibi ameshaipeleka chumbani ili mbuzi wasiile. Ya pili nimeifunga kwa kitenge na kuiweka chini kabisa ya begi lako, katikati ya nguo, isipinde.

Mimi nimebaki na ile ya Fagio. Usinihurumie. Nimeiweka kwenye fremu ile iliyokuwa na kalenda, ukutani juu ya kompyuta. Kuna mteja leo asubuhi kaniuliza, "Mama Picha, hii ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mwanangu. Akaitazama. "Mbona simuoni?" Nikamwonyesha ndala. Akasema, "Aa, katoka kidogo," akakaa kwenye kiti, akanyoosha kola, akasubiri nimpige.

Nilisema humu hamna maagizo ya safari. Naweka moja. Zile ndala zako ziko hapa mlangoni ulipoziacha ukivaa viatu vya kwenda Zagayu. Najua ukirudi utataka kuzipakia, begi lina nafasi. Usizipakie. Huko utanunua nyingine. Hizi ziache palepale, nisizisogeze hata mimi.

Mama yako